Kazi za nyumbani siyo mazoezi tiba, tusidanganyane

SEHEMU YA 1

Asubuhi nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa manne, nimeamka na hasira ileile niliyolala nayo. Kwa hiyo leo mtanivumilia. Ni ndefu, nitaiweka kwa vipande, shikeni chai.

Wiki iliyopita kliniki ya mifupa alirudi mama mmoja. Nitamwita Mama Wanne kwa sababu ana watoto wanne. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ameniruhusu nisimulie, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha asijulikane. Miezi mitano iliyopita alifanyiwa upasuaji wa ule mfupa unaochomoza pembeni ya kidole gumba cha mguu. Mnaujua. Wengine wanaita nundu, wengine hawana jina lake, wanavua kiatu wanakuonyesha tu. Wanawake ndo tunaupata zaidi. Mara nyingi unakuwa wa ukoo, mama anao, shangazi anao, na viatu vyembamba vya mbele vinauchochea.

Daktari akatazama eksirei. Mfupa umeunga, skrubu zimekaa mahali pake, kidole kimenyooka kama rula. Akampa hongera, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama Wanne akabaki amekaa, ameshika kiatu mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nesi, sasa mbona siwezi kuchuchumaa?"

Choo cha walimu shuleni kwake ni cha kuchuchumaa. Anavumilia mpaka arudi nyumbani, na kwa hiyo hanywi maji mchana kutwa. Kuswali ndo kabisa. Kwenye sujudu vidole vya miguu vinakunjwa vielekee mbele, chake hakikunjiki, kwa hiyo mwanamke wa miaka 41 anaswali amekaa kwenye kiti kama bibi wa miaka 80. Anatembea kwa ukingo wa nje wa mguu, na sasa goti limeanza kuuma, kiuno kimefuata.

Nikamuuliza, mazoezi ulienda? Akacheka. "Mazoezi gani tena nesi, mimi nina watoto wanne. Kazi za nyumbani zenyewe ni mazoezi tosha."

Nani alikuambia hivyo? Mama mkwe. Mume. Jirani. Mwalimu mwenzake ambaye dada yake aliwahi kuvunjika mguu. Halafu akaniangalia, akasema, "Na nyie hapa hamkuniambia kitu."

Nikafungua faili. Karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ina sahihi yangu.

SEHEMU YA 2

Kwanza tuelewane upasuaji wenyewe ni nini, maana watu wanadhani daktari anachukua patasi anasawazisha uvimbe, basi. Ingekuwa hivyo nisingekuwa naandika.

Ule mfupa unaochomoza siyo nyama wala mfupa mpya ulioota. Ni mfupa wako mwenyewe, ule mrefu nyuma ya kidole gumba, umeelekea nje, na kidole chenyewe kimeelekea ndani kuwasukuma wenzake. Mara nyingi daktari anaukata, anausogeza mahali pake, anaufunga kwa skrubu au waya, na anarekebisha nyama na kano zinazokivuta kidole. Kuna aina zaidi ya 100 za huu upasuaji zilizowahi kuelezwa. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna jambo nitakuja kulisema huko mbele.

Nyuzi zinatoka kwenye wiki mbili hivi. Mfupa unahitaji kama wiki 6 kuunga, wengine zaidi. Uvimbe ndo mkaidi, unakaa miezi 3 mpaka 6, na kwa wengine unamalizika kabisa baada ya mwaka. Kipindi cha mwanzo unavaa kiatu maalumu chenye soli ngumu, unakanyagia kisigino, na muda mwingi mguu uko juu ya mito. Juu maana yake juu kuliko moyo. Mguu kwenye stuli huku umekaa kwenye kochi haujapanda juu, umenyooka tu.

Sasa wakati huo wote kiungo cha kidole kimefanya nini? Kimekaa. Na kiungo kilichopasuliwa halafu kikakaa kinatengeneza makovu ndani kwa ndani, ngozi yake inabana, kano zinashikana na kovu, kidole kinakakamaa. Kovu la nje unaliona na kulipaka mafuta, la ndani hulioni. Kukakamaa kwa kidole ni moja ya shida zinazojulikana sana baada ya upasuaji huu, siyo bahati mbaya ya Mama Wanne peke yake.

Na kidole gumba siyo pambo. Kila hatua unayopiga, kisigino kikishanyanyuka, kidole gumba ndicho kinachokunjika na kukusukuma mbele. Kikigoma, mwili unatafuta njia ya pembeni. Unageuza mguu nje, unakanyaga ukingo, na goti na nyonga zinalipa deni ambalo siyo lao. Kwa watu wanaokaa kwenye viti, wanatumia vyoo vya kukalia na wanatembea kwenye gari, kidole kigumu ni kero. Kwetu sisi tunaochuchumaa kufua, kuchambua mchicha, kuchochea moto, kujisaidia, kumwogesha mtoto, kusujudu, na kudandia daladala ambayo konda kashapiga bati iondoke, kidole kigumu kinakupunguzia maisha.

SEHEMU YA 3

Haya, tuje kwenye ile sentensi. "Kazi za nyumbani ni mazoezi tosha."

Nimeisikia wodini mara ambazo siwezi kuhesabu. Anaambiwa mama aliyevunjika kifundo cha mguu kwa bodaboda. Anaambiwa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Anaambiwa mwenye mkono uliotoka kwenye hogo. Cha ajabu sijawahi kusikia mwanaume anaambiwa. Baba akivunjika mguu nyumba nzima inajua kuna siku ya mazoezi, bajaji inaitwa, kijana anamsindikiza, chai inamsubiri akirudi. Mama akivunjika mguu, fagio ndo fiziotherapia yake. Hivi mfagio ulisomea wapi?

Ngoja niwaeleze kwa nini ni uongo, na siyo uongo wa huruma.

Zoezi la tiba linachukua kiungo kimoja na kukikunja mpaka pale kinapoanza kubana, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, bila uzito juu yake. Umekaa, umeshika kidole kwa mkono, unakipandisha, unakishikilia, unakishusha. Kesho kinaenda mbali kidogo kuliko jana. Halafu ukiruhusiwa unaongeza nguvu, unajifunza upya kunyanyuka kwa vidole, unajifunza upya kutembea kisigino, unyayo, kidole.

Kazi ya nyumbani inafanya kinyume chake. Inakupa uzito mwingi bila mkunjo. Ukisimama jikoni saa nzima, damu na maji vinashuka mguuni, mguu unavimba, ukivimba unauma, ukiuma mwili unakikwepa kile kidole. Hujui kama unakikwepa. Unaona unatembea, unapika, unafua, unasema nimepona. Kumbe kila hatua unayopiga unaufundisha mguu kuchechemea. Mama Wanne amefanya kazi za nyumbani miezi mitano bila kukosa siku. Kama zingekuwa mazoezi angekuwa anacheza ngoma.

Kuna wanaoniambia, "Nesi, bibi yangu alivunjika mguu akafungwa na mti, hakuona mtu wa mazoezi, na akatembea." Sawa. Bibi alitembeaje? Mkumbuke vizuri. Wengi mkikumbuka vizuri mtaona bibi alikuwa na fimbo, na alikuwa anageuza mguu, na nyie watoto mlikuwa mnamwigiza mkicheka. Alitembea kwa sababu hakuwa na namna. Sidhani kama hicho ndicho kipimo tunachotaka kujipimia.

SEHEMU YA 4

Sasa niwageukie wenzangu wa hospitali, na mimi nikiwemo, maana siwezi kuwasema mama wakwe peke yao.

Ile karatasi yenye sahihi yangu ina mistari minne. Dawa za maumivu. Kidonda kisilowe. Arudi baada ya wiki mbili kutoa nyuzi. Mstari wa nne una neno moja, "mazoezi", halafu nukta. Mazoezi yapi? Kuanzia lini? Mara ngapi? Na nani? Mimi nilijua nina maana gani. Mama Wanne alisoma "mazoezi", akarudi nyumbani, akafanya mazoezi anayoyajua yeye. Kupiga deki.

Nilikuwa na wagonjwa 19 siku ile na tulikuwa manesi wawili. Nayasema hayo siyo kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Lakini hata hivyo nilipata dakika tano za kumwelekeza namna ya kulinda kidonda. Nilikosa mbili za kumwambia akunje kidole? Hapana. Ukweli ni kwamba sikuona kama ni kitu. Tumefundishwa hivyo, kidonda kikifunga na eksirei ikiwa nzuri tunahesabu tumemaliza, mgonjwa katolewa salama, kitanda kimepatikana. Mtu wa mazoezi anakaa jengo la nyuma huko, mlango wake hauna hata maandishi, tunamkumbuka mgonjwa akiwa wa kiharusi. Na wale watu wamesomea! Hapa nchini wanafundishwa, KCMC kule Moshi wamekuwa wakiwafundisha miaka mingi. Siyo watu wa kukanda mwili.

Madaktari na nyie mnisamehe. Mnapopanga upasuaji mnamwambia mgonjwa gharama ya chumba cha upasuaji, skrubu, dawa ya usingizi. Ya baada ya hapo mnaitaja mkiwa mmeshasimama. Mgonjwa kaja na hela ya kufika kwenye upasuaji, kachangiwa na ukoo, hela imeisha siku anayoruhusiwa. Mngemwambia mwanzoni angeitenga.

SEHEMU YA 5

Hapa nitawaudhi wa upande wa pili.

Maana baada ya kusema yote hayo, kuna mtu kesho atakwenda sehemu, ataambiwa alipie vikao ishirini kwa mkupuo, atalala kwenye kitanda, atawekewa mashine yenye waya na taa nyekundu, atatolewa nusu saa baadaye na risiti. Atasema nesi alisema. Sikusema hivyo!

Niwe mkweli kwenu. Kwa upasuaji huu wa kidole gumba, siyo kila mtu anahitaji kwenda kwa mtaalamu mara mbili kwa wiki miezi mitatu. Ni mguu mmoja, kiungo kimoja. Mtu mwenye afya nzuri, asiye na kisukari, ambaye kidole chake kinaanza kukunjika vizuri mapema, na ambaye nyumbani anaachwa ayafanye mazoezi yake, anaweza kufika mbali kwa kuonana na mtaalamu mara chache. Mara moja kufundishwa, mara ya pili kuangaliwa kama anafanya sawasawa, baada ya hapo kulingana na hali. Kazi kubwa inafanyika kwenye kitanda chako, siyo kwenye mashine ya mtu. Mtaalamu anayekuwekea mashine tu na hakugusi kidole wala hakufundishi ufanye nini nyumbani, muulize maswali. Akikasirika, umepata jibu.

Lakini ile mara moja usiiruke, na sababu ni ile niliyowaambia mniwekee. Upasuaji ni wa aina nyingi. Kuna aina ambayo daktari hakati na kusogeza tu, anakiunganisha kabisa kiungo kiwe mfupa mmoja, hasa kama kiungo kilikuwa kimeshalika. Huyo kidole chake HAKITAKIWI kukunjika. Ndo lengo lenyewe la upasuaji wake. Sasa huyo akichukua mazoezi ya jirani, au video aliyotumiwa kwenye kikundi cha familia, akaanza kulazimisha kidole kikunjike wiki ya tatu, anavunja kazi ya daktari. Na hata wale wa kukata na kusogeza, wengine wanaruhusiwa kuanza kukunja mapema, wengine wana waya ndani na wanatakiwa kusubiri. Anayejua ni aliyekupasua.

Kwa hiyo kabla hujaruhusiwa, ukiwa bado umevaa gauni la hospitali na daktari bado anakusikiliza, uliza. Mmekata mkasogeza, au mmeunganisha kiungo? Naruhusiwa kukunja kidole kuanzia siku gani? Naruhusiwa kukanyaga unyayo mzima kuanzia lini? Andika majibu. Mwambie aliyekuja kukuchukua naye asikie, maana wewe una dawa ya usingizi kichwani na jioni utakuwa umesahau nusu.

Kuzungusha kifundo cha mguu, kuvuta unyayo juu na chini, hayo kwa wengi yanaanza mapema sana hata ukiwa kitandani, yanasaidia damu isituame kwenye ndama wa mguu. Kukunja kidole kwa mkono, wengi wanaruhusiwa baada ya nyuzi kutoka. Kukanda kovu ni mpaka kidonda kifunge kabisa, pasiwe na kigaga wala unyevu. Kunyanyuka kwa vidole na kukokota taulo sakafuni kwa vidole ni baadaye, mfupa ukishaunga. Kukunja kutabana, kutauma kidogo, ni kawaida. Kuuma kunakokunyima usingizi usiku siyo kawaida, punguza, na uulize.

Nani asisite kabisa kwenda, hata kwa kukopa? Mwenye kisukari. Mwenye baridi yabisi. Aliyepasuliwa miguu yote miwili pamoja. Ambaye wiki ya sita imefika na kidole hakijasogea, au bado anakanyagia ukingo. Na yule ambaye kazi yake ni ya kusimama au kuchuchumaa, yaani mwalimu, mama lishe, mkulima, muuza mboga. Na nesi.

Halafu nyie mama wadogo mnaonyonyesha au mliojifungua juzi, mwambie daktari kabla ya upasuaji, na mwambie kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vyenye homoni ya estrojeni, na wiki sita za baada ya kujifungua, vyote vinaongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Ndama wa mguu ukivimba ukawa mgumu na kuuma, au ukishindwa kupumua ghafla, au kifua kikichoma, usisubiri kesho, usikande, nenda hospitali usiku huohuo. Kidonda kutoa usaha, harufu au homa, vilevile usisubiri.

Na kama nundu yako haiumi, unataka upasuaji ili uvae viatu vya harusi ya wifi, tafadhali nunua kiatu kipana. Upasuaji huu ni wa maumivu.

SEHEMU YA 6

Hela. Najua mlikuwa mnasubiri.

Mama Wanne ana bima ya kazini, bima ililipa upasuaji. Baada ya hapo mume akasema, "Tumeshatibiwa, sasa mazoezi ya nini, nauli ya bajaji kwenda na kurudi nani anatoa?" Sitamsema vibaya, ni mtu anayehangaika, amemuuguza mkewe na watoto wakati huohuo. Ila katika miezi ileile mitano, na hili kanisimulia mwenyewe akicheka, nyumba ile ilitoa mchango wa harusi mbili na kushona sare mara mbili. Kwa hela ya sare moja angekwenda kwa mtu wa mazoezi akarudi kwa bajaji, zaidi ya mara moja. Nyumba ilikuwa na hela. Mguu wa mama tu ndo haukuwa kwenye orodha.

Na hela siyo tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni muda wa kulala na mguu juu. Mama aliyepasuliwa mguu akilala mchana, mguu umepandishwa kwenye mito, watu wanapita wanaangalia. Mama mkwe anaguna. Wifi anauliza kwa sauti ya juu jamani nani anapika leo. Mtoto anakuja kubebwa. Siku ya nne anaona aibu, siku ya tano anainuka, wiki ya pili anabeba mtoto mgongoni huku amevaa kiatu cha soli ngumu kwenye sakafu yenye maji. Nimepokea mama aliyeanguka hivyo. Mtoto alipona, mkono wa mama haukupona haraka.

Kwa hiyo kabla ya upasuaji, kaeni kikao. Ndiyo, kikao, kama cha harusi. Nani anachota maji wiki sita. Nani anapika. Nani anampeleka mdogo shule. Dada wa kazi anaongezwa siku ngapi, au mdogo wako anakuja kutoka kijijini lini. Nauli ya kliniki na ya mazoezi inawekwa pembeni siku ileile inapotafutwa ya upasuaji. Kama hakuna anayejibu hayo maswali, ahirisha. Nundu hii siyo dharura, imekusubiri miaka kumi, itakusubiri mpaka likizo ya Desemba watoto wakubwa wakiwa nyumbani. Daktari hatakasirika, na akikasirika atapoa.

Baba unayesoma, zoezi la kidole ni dakika kama kumi, mara tatu au nne kwa siku. Kazi yako ni kushika mtoto hizo dakika kumi. Hatuombi uende chuo.

Mama mkwe, shikamoo mama. Mkwe wako akirudi kazini anatembea sawasawa, mjukuu wako anakula. Sijui niseme vipi tena kwa heshima.

SEHEMU YA 7, ya mwisho

Mmeniuliza ndani ya ujumbe, Mama Wanne ameishaje?

Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe jengo la nyuma. Mtu wa mazoezi akamkalisha, akashika kidole, akakipima, akanyamaza kidogo. Akamwambia ukweli, kwamba miezi mitano ni kuchelewa ila siyo mwisho, kovu bado linaweza kulainika, ila hatamwahidi kwamba kitakunjika kama zamani. Ikishindikana kabisa daktari atazungumza naye tena. Akamfundisha mazoezi matatu tu. Akamwambia arudi baada ya wiki, alete kiatu anachovaa shuleni.

Jana amenipigia. Kidole kimeongeza kidogo, anasema anauona utofauti akipanda ngazi. Kuchuchumaa bado. Sujudu amejaribu juzi, aliweka mto mdogo chini ya mguu, akaweza rakaa mbili, ya tatu akarudi kwenye kiti.

Na ile karatasi ya kuruhusiwa, nimeandika nyingine. Ina siku ya kuanza, zoezi limechorwa kwa kalamu (mchoro mbaya, mnisamehe), mara ngapi kwa siku, na jina la jengo la nyuma na rangi ya mlango. Wodini wenzangu wawili wameanza kuitumia. Mmoja anasema inachukua muda mrefu. Ni kweli, inachukua dakika sita.

Naingia zamu saa mbili usiku. Mwenye swali aandike, nitajibu kesho nikiamka.